Betri ya Luseno

Makongeni, Nairobi
6 Juni 1999

Kaka Kisilu,

Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu baada ya kimya chote hiki. Tangu uhamie Mombasa ni Mama peke yake anayekutaja, kila redio yake inapokwaruza. Sisi tupo. Magoti ya Mama yanamsumbua, na mimi bado niko kwenye kile kiwanda cha blanketi, nikirudi jioni nina manyoya hadi kwenye nyusi. Wewe je, joto la huko bado halijakuyeyusha?

Kilichonifanya nishike kalamu ni ile laptop ya kaka yangu Luseno. Wewe ndiwe uliyemtafutia, na wewe ndiwe uliyekuwa ukiifungua kila ilipomkorofisha, kwa hiyo sina mwingine wa kumuuliza. Betri yake haishiki chaji. Imechomekwa kwenye stima mchana na usiku, vile vile alivyoiacha mwaka jana alipopanda lile lori la kampuni kwenda Kongo akiwa karani, na bado ukichomoa waya inazima kabla hujasema amina. Nilimwita fundi mmoja wa mjini, akaitazama kwa jicho la mtu anayenunua mbuzi, akasema nimwachie mpaka Ijumaa. Sikumwachia.

Nataka niitumie. Luseno alikuwa akiwachapia watu maombi ya kazi hapa hapa mezani, na wengine bado wanakuja kuuliza. Niambie nifanye nini, na uniandikie kama unayemwandikia mtoto, kwa sababu mimi vitu vya nyaya naviogopa.

Kumhusu yeye mwenyewe hakuna jipya. Kampuni ilituletea barua ya pili ikisema lori liliteketea na wote waliokuwemo, dereva na karani, wahesabiwe kuwa wamekufa. Mwili hakuna. Baba Mdogo Mulama anakuja kutoka nyumbani kila mwezi kuzungumza na Mama juu ya hilo.

Mama anakusalimu sana.

Dada yako,
Triza Muhonja


Changamwe, Mombasa
17 Juni 1999

Dada Triza,

Barua yako nimeisomea pale pale posta, nimesimama katikati ya njia, hadi askari akaniambia nisogee nisije nikakanyagwa. Asante kwa kunikumbuka. Joto halijaniyeyusha, ila limenifundisha kulala bila shati, jambo ambalo mama yangu kule Wamunyu akilisikia atasema nimepotea.

Sasa tuseme ya betri. Usiihukumu kabla hujaihoji chaja. Pindua laptop, upande wa kushoto kuna kidude cha kusukuma kwa kidole. Kisukume, betri itatoka nzima kama tofali dogo. Ukishaitoa, washa laptop kwa stima peke yake. Ikiwaka vizuri, chaja haina makosa. Halafu rudisha betri, utazame ile taa yenye alama ya betri. Ikiwa na rangi ya machungwa na imetulia, inachaji. Ikiwa inapepesa, basi mashine imeikataa betri, kama mtoto anayetema uji.

Ukiitoa tena utaona vibati vidogo vya shaba ubavuni mwake. Vikiwa vyeusi, visugue taratibu kwa raba ya penseli. Raba tu. Usitumie kisu, wala msasa, wala mate. Nakujua wewe, una haraka.

Na unijibu hili pia: inapozima, inazima kimya au inatoa mlio kwanza?

Mimi niliposikia habari za lori nilifunga kibanda changu cha ufundi nikaenda kukaa ufuoni hadi giza likaingia. Tangu darasa la kwanza nimekaa dawati moja na Luseno. Kwa hiyo, laptop hiyo usimpe mtu. Tutaitibu wenyewe.

Mpe Mama mkono wangu.

Kisilu Wathome


Makongeni
27 Juni 1999

Kaka Kisilu,

Nimefanya kama ulivyosema. Ilibidi ningoje Alhamisi, Mama akiwa kwenye ushirika wa akina mama kanisani, na nilikuwa nimeomba ruhusa kazini kwamba jino linaniuma. Mungu anisamehe, maana tangu siku ile jino limeanza kuuma kweli.

Bila betri inawaka vizuri. Nikirudisha betri, taa inapepesa. Vibati vilikuwa vyeusi, nimevisugua hadi vikang'aa, lakini taa imeendelea kupepesa. Kwa hiyo chaja ni nzima na betri ndiyo mgonjwa. Nimesema sawa?

Umeuliza kama inalia. Inalia, Kisilu, na sikutaka kukuandikia hili.

Mama huiwasha kila asubuhi, kama Luseno alivyomwonyesha, kisha anaifunika leso ili vumbi lisiingie. Hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Mchana wote inakaa kimya. Lakini jioni, wakati ule ambao Luseno alikuwa akirudi, imefunikwa leso na hakuna mtu karibu, inalia mara tatu, ti, ti, ti, kisha inazima. Unakumbuka alivyokuwa akibisha? Hakugonga mlango hata siku moja. Alikuwa akigonga kioo cha dirisha kwa ukucha, mara tatu, kisha anangoja Mama aseme neno lake.

Na Mama analisema. Kila jioni inapolia, anainua kichwa na kusema, "Ingia baba, mlango hauna kufuli." Anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayechambua mboga. Halafu anamimina kikombe cha pili cha chai. Asubuhi ninakikuta kimepoa, kina ngozi juu.

Majirani wameanza kuja kusikiliza. Phelister wa nyumba ya pili alikuja na wageni wake kutoka Dandora, wakaketi kwenye kochi letu wakingoja kama watu wanaongoja taarifa ya habari. Ilipolia, mmoja wao alipiga ishara ya msalaba na kumwaga soda.

Mimi si mtu wa kuamini hayo. Lakini siku hizi nikitoka kazini ninapitia sokoni, nazurura bila kununua kitu, ili nifike nyumbani ikiwa imeshalia.

Niambie namna ya kuiponya hiyo betri, haraka.

Triza


Changamwe
8 Julai 1999

Dada Triza,

Kwanza pole. Pili, keti chini nikuambie nani anayelia.

Jioni saa ya kupika, nusu ya Makongeni inawasha koili, yale majiko ya stima. Wewe unazijua hizo koili, nyingine nilizifunga mimi mwenyewe nikiwa kijana, nikilipwa kwa chapati. Waya za zile nyumba ni za tangu enzi za reli. Koili zote zikiwaka kwa pamoja, stima inalegea, na hiyo chaja ya zamani haivumilii stima iliyolegea. Ikikata, laptop inaegemea betri, inaikuta tupu, na inapiga kelele ya kuomba msaada kabla ya kuzima. Imetengenezwa hivyo. Milio mitatu ni ya kiwandani, hakuna aliyeifundisha kubisha. Kwa hiyo huyo si mzimu, ni ugali wa Phelister.

Betri nayo imeshuka chini sana kwa kukaa bila kushika chaji, hadi mashine haiitambui tena kuwa ni betri. Kuiponya ni lazima ifunguliwe na seli zake zipimwe moja moja kwa mita. Huwezi wewe, na fundi wako wa mbuzi nisingemwamini. Iweke kwenye boksi, uijaze magazeti, umpe makanga wa basi la usiku linalokuja huku, andika jina langu kwa herufi kubwa. Nitakwenda kuipokea stendi.

Halafu kuna jambo dogo, nimelikumbuka tu nikiwa kazini. Lile jino la mbele la Luseno, lililovunjika tulipokuwa tukicheza mpira nyuma ya ukumbi wa soshal, lilikuwa la kushoto au la kulia? Nimejaribu kukumbuka nimeshindwa.

Kisilu


Makongeni
18 Julai 1999

Kaka Kisilu,

Betri ndiyo hiyo, imelala katikati ya kurasa za michezo.

Nilipoitoa niliirudisha laptop chini ya leso yake, Mama hakujua. Jana jioni stima ilipolegea, mashine ilizima kimya. Mama alikuwa ameshainua kichwa. Aliendelea kukiinua, kijiko mkononi, hadi ugali ukaanza kunuka. Mwishowe akaniuliza, "Triza, umesikia?" Nikasema sijasikia. Akasema, "Hata mimi." Alikuwa ameshamimina vikombe viwili, akairudisha chai ya cha pili kwenye birika.

Jino ni la kushoto. Sijui kwa nini unaniuliza mambo ya meno wakati huu. Fanya upesi.

Triza


Changamwe
1 Agosti 1999

Dada Triza,

Mgonjwa wako amepata nafuu, na makanga yule yule ndiye anayemrudisha.

Nilipoifungua nilikuta seli mbili zimevuja na nyingine zimechoka. Mtu mwingine angejaribu kuzishtua, zingeamka kwa wiki moja zikalala tena. Mimi nimezitoa zote, nikatia seli nzima nilizozipata kwenye betri ya laptop iliyovunjika kioo, nikalehemu upya, nikalifunga ganda kwa gundi. Zile za zamani sikuzitupa. Ziko kwenye kopo la siagi juu ya rafu yangu. Sijui kwa nini nimeziweka, mkono ulikataa kuzitupa.

Ukiirudisha, iache ichaji usiku kucha bila kuiwasha. Asubuhi taa itakuwa ya kijani. Kuanzia hapo stima ikilegea, betri itaishikilia mashine mpaka Phelister amalize kupika. Haitalia tena.

Kuna mtu ninamsubiri arudi kutoka safarini. Akirudi huenda nikakuandikia jambo jingine, ambalo si la betri.

Kisilu


Makongeni
15 Agosti 1999

Kaka Kisilu,

Taa ni ya kijani. Wiki nzima sasa stima inalegea na mashine haitikisiki. Mkono wako hauna mfano, na ukija Nairobi nitakuchinjia kuku, ingawa najua utasema Waluhya hatuna zawadi nyingine.

Sasa nikuambie ukweli, maana imekwisha na sina haja ya kuendelea kuficha. Sikutaka kuchapa barua za watu. Nilitaka inyamaze.

Tangu mwanzo wa mwaka Baba Mdogo Mulama na wazee wanataka Luseno azikwe. Kwetu mtu akifia mbali na mwili usionekane, hukatwa shina la mgomba, likalazwa kaburini badala yake na jina lake likaitwa. Bila hivyo, wanasema, anabaki barabarani, na anawasumbua walio hai. Mama alikataa. Kila walipokuja aliwajibu neno moja: "Huyu anayebisha kila jioni mnataka kumzika vipi?" Wao wakaogopa kumlazimisha. Kisha akaanza kutolala, na kula akaacha. Unajua Mama alivyokuwa mnene. Sasa akiketi utadhani ni nguo tu iliyowekwa kwenye kiti. Nilijiambia, ikinyamaza, ataamini. Atalia siku zake, atamaliza, na atakula.

Na imekuwa hivyo. Baada ya jioni kadhaa za kimya aliniita akasema, "Ameacha kubisha. Amechoka kutungoja. Mwambie Mulama aje." Tunasafiri Jumanne ya tarehe ishirini na nne. Mgomba utazikwa Jumamosi, tarehe ishirini na nane, nyumbani Vihiga.

Naona vibaya, sikufichi. Yako mambo yasiyorudi nyuma. Mtu aliyezikwa hivyo, hata akitokea siku moja akiwa hai, wazee hawamruhusu kupita langoni. Kwao ni marehemu. Lakini lori liliteketea, Kisilu, na Mama ninaye mmoja.

Tuombee.

Triza


Changamwe
23 Agosti 1999

Triza,

Barua yako nimeipata jana. MSIZIKE. Tafadhali simamisha jambo hilo popote lilipofika.

Mapema Julai dereva mmoja anayeitwa Odero aliniletea redio ya lori nimtengenezee. Tukizungumza akasema kule Kigoma, bandarini kwenye ziwa, wanakoshukia watu wanaokimbia vita Kongo, kuna Mkenya anayehesabu magunia. Ni mwembamba, jino la mbele limevunjika, na mkono mmoja una kovu la moto. Hazungumzi na watu. Akiona lori lenye namba za Kenya anakwenda kujificha nyuma ya maghala. Ndipo nikakuuliza la jino.

Odero mwenyewe hamjui Luseno, kwa hiyo nilimpa ile picha yetu ya timu aende nayo. Amerudi juzi. Mtu huyo hakumkuta, ameondoka na hakuna ajuaye ameelekea wapi. Lakini wapakizi wa pale walipewa picha bila kuambiwa ni nani, na wawili wakaweka kidole juu ya Luseno. Mmoja aliwahi kumwita kwa nyuma, "We Mkenya, kwenu wapi?" Akasema, "Kwetu niliteketea." Akaendelea kuhesabu.

Huenda si yeye. Vidole viwili juu ya picha ya zamani si kitu cha kuapia. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Nilikwenda kutuma telegramu, ila ninalijua sanduku lenu la Makongeni tu, la kijijini silijui. Nimemwambia karani wa posta aipeleke barua hii kwa njia ya haraka iliyopo. Mungu awe amewachelewesha.

Na wewe kumbe ulinipa kazi ya kumnyamazisha rafiki yangu bila kuniambia. Hilo tutalizungumza siku nyingine.

Kisilu


Makongeni
12 Septemba 1999

Kisilu,

Barua yako ilikuwa imekaa kwenye sanduku ikitungoja. Tulikuwa tumerudi kutoka Vihiga siku ile ile niliyoikuta. Nilikuwa bado na udongo wa kwetu kwenye viatu.

Tumemzika. Baba Mdogo alikata mgomba nyuma ya zizi, ukatoa maji mengi, mikono yake ikawa myeusi kwa utomvu. Wakaulaza kwenye sanduku, wakauvika lile shati la mistari la Luseno, wakalifunga vifungo vyote hadi shingoni, na yeye hakuwahi kukifunga kile cha shingoni. Mzee akaita jina lake kaburini akamwambia atulie, hapa ndipo kwao. Mama alitupa udongo. Hakulia. Alirudi jikoni akaomba ugali, akala sahani nzima, nami nikaenda nyuma ya nyumba nikamshukuru Mungu kwa machozi. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Julai, Kisilu! Ulijua tangu Julai, na ukaniandikia habari za seli na gundi na ugali wa Phelister. Ulikuwa na neno moja ambalo lingetutosha, ukalificha nyuma ya jino. Utasema ulitaka uhakika. Na mimi nilitaka Mama ale. Kila mmoja wetu alikuwa na siri yake, na sote wawili tukajifanya tunazungumza juu ya betri.

Nilifikiri nisimwambie Mama. Sikuweza, alikuwa ameshaiona bahasha na uso wangu. Nikamsomea yote. Pale kwenye "kwetu niliteketea" alinizuia kwa mkono, akaomba niisome tena. Halafu akainuka na magoti yake hayo, akaenda mezani, akaondoa leso, akainama na kuweka sikio juu ya mashine. Ile taa ya kijani ilikuwa inammulika shavuni.

"Kwa hiyo alikuwa akibisha," akasema. "Alikuwa akibisha, nasi tukamzika."

Nikamweleza habari ya koili. Nilimweleza yote, stima kulegea, chaja ya zamani, milio ya kiwandani. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza daktari wa magoti. Kisha akasema, "Samweli naye alidhani ni Eli anayemwita, kumbe ni Mungu."

Hajanilaumu. Ningepona kama angenilaumu. Amekaa kwenye kiti chake tangu siku hiyo, na jioni koili zikiwaka anainua kichwa, na hakuna kinacholia. Kisilu, ile nyumba ilipokuwa ikilia niliogopa. Sasa iko kimya na naogopa zaidi. Niko kwenye karai naosha vyombo na ninaisikia, ti, ti, ti, nageuka, naona taa ya kijani imetulia na Mama ananitazama. Anajua nimesikia. Haulizi.

Jana alisema anataka neno moja kwako, na mimi ninaliandika kama alivyolisema: "Mwambie Kisilu anirudishie ile mbovu."

Uliandika kwamba hukuzitupa. Nakuomba.

Triza


Changamwe
21 Septemba 1999

Dada Triza,

Sina la kujitetea. Nilitaka nikuletee habari iliyokamilika, kama fundi anayeogopa kurudisha kitu kabla hakijawaka. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliishika ndoo. Nisamehe, na mimi nimekusamehe.

Nimezirudisha seli zote za zamani kwenye ganda la pili, la ile betri niliyoitoa seli nzima, katika mpangilio ule ule. Hizo mbili zilizovuja nimezifuta lakini sikuzibadilisha. Hii ni mara yangu ya kwanza kulehemu kitu ili kisifanye kazi.

Itoe ile nzima uweke hii. Taa itapepesa. Iache ipepese. Vibati usivisugue tena. Jioni ikizima, Mama aiwashe asubuhi kama alivyokuwa akifanya.

Odero anakwenda tena Kigoma mwisho wa mwezi. Nimemwambia aache neno kwa wapakizi wote, iwapo yule mtu atapita. Lakini nimwambie nini? Nimtumie ujumbe kwamba aje nyumbani, wakati nyumbani ana kaburi? Muulize Mama.

Kisilu


Makongeni
3 Oktoba 1999

Kaka Kisilu,

Boksi limefika. Mama mwenyewe ndiye aliyelifungua, akaipindua betri mikononi kama anayeangalia yai, kisha akanipa nikaiweka. Taa inapepesa.

Nimemuuliza lile swali lako. Baba Mdogo alikuwepo, amekuja na ndizi kutoka nyumbani, akajibu yeye kwanza, kwamba lango limefungwa na mila ni mila. Mama alimwacha amalize chai yake. Halafu akasema, "Lango la Vihiga ni la wazee, nao wamelifunga, sawa. Hii nyumba ya Makongeni ni ya kupanga. Haina wazee, haina kaburi. Mwambieni aje hapa." Baba Mdogo alitazama ukuta. Kwa mara ya kwanza tangu habari hii ianze nilimwona akijifuta macho.

Kwa hiyo Odero aseme hivyo: aje Makongeni, agonge dirisha.

Jioni ile ya kwanza tulikaa watatu bila kuwasha taa. Tulisikia nyumba ya Phelister ikianza kupika, sufuria zikigongana, mtoto wake akiimba wimbo wa shule. Stima ikalegea. Chini ya leso ikalia mara tatu, ikazima. Mama akainua kichwa, akasema neno lake, akamimina kikombe cha pili. Lakini mlango ulikuwa na komeo, Kisilu. Miezi yote hiyo Mama akisema mlango hauna kufuli, ulikuwa na komeo, na mimi ndiye niliyekuwa nikilifunga kila nikiingia kutoka kazini, kwa kuogopa wezi. Nikainuka nikalitoa. Tangu siku hiyo tunachelewa kulifunga hadi saa ya kulala, na watu wa mtaa wanasema tumerukwa na akili sisi sote wawili.

Najua ni koili. Nakuambia tena ili usidhani nimesahau ulichonifundisha. Ninaijua chaja, ninaijua betri, ningeweza hata kumweleza mtu mwingine kwa nini inalia.

Jana Mama alikuwa amesinzia kitini, magoti yamemchosha. Ilipolia hakusikia. Niliyejibu ni mimi.

Triza